Sentauri Alialikwa

Yapo maelezo ya michongo ya vita kwenye mahekalu ya Ugiriki ya kale ambayo yamerudiwa mno hata hakuna anayeyadai ushahidi tena. Yanakwenda hivi: Wagiriki walichonga mapambano ya hekaya zao, miungu na majitu, Walapithi na sentauri, mashujaa na wanawake wa Kiamazoni, ili kusherehekea ustaarabu kuushinda ushenzi. Sentauri, yule nusu mtu nusu farasi, ni Mwajemi aliyepewa kwato. Mwamazoni ni Mwajemi aliyepewa matiti. Jiwe lenyewe ni tangazo la ushindi. Utayakuta maelezo hayo kwenye vitabu vya historia ya sanaa, kwenye vibao vya makumbusho, kwenye filamu za televisheni, na kwa kijana yeyote aliyeiuliza simu yake sentauri ni nini.

Nasema maelezo hayo kwa sehemu kubwa si kweli, na ile sehemu ndogo iliyo kweli imekuwa pazia la kufunika kilichochongwa. Ukiitazama michongo yenyewe huoni watu wema wakiwafukuza washenzi waliotoka mbali. Unaona jamaa wakiuana karamuni, na mara nyingi mchongaji hakusema nani alikuwa na haki.

Nayaandika haya Ikombe, kijiji cha Wakisi kilichobanwa kati ya milima ya Livingstone na maji ya Ziwa Nyasa, mahali unapofika kwa mtumbwi kutoka Matema au kwa njia ya miguu ya kukwea mawe. Mtu ataniuliza Ikombe na Parthenon wapi na wapi. Sababu ipo, nayo ni mtungi. Wanawake wa hapa wanafinyanga kwa mkono vyungu na mitungi ya kuta nyembamba, wanavipaka udongo mwekundu na mweupe, wanavichoma, kisha Jumamosi vinapakiwa mitumbwini kwenda soko la Lyulilo, na kutoka hapo vinapanda Kyela, Tukuyu na Mbeya. Ukikaa na watu wa kazi hii, jicho linazoea kutafuta chombo kwanza na watu baadaye. Na kwenye Parthenon chombo kipo, tena mahali ambapo vitabu havikitilii maanani.

Hekalu hilo la Athena pale Athens lilijengwa kati ya mwaka 447 na 432 KK. Upande wake wa kusini, juu ya nguzo, palipangwa vibao 32 vya marumaru, kila kimoja na kimo cha zaidi ya mita moja. Wataalamu wanaviita metopi. Vingi kati ya hivyo vinaonyesha Walapithi, watu wa Thessaly kaskazini mwa Ugiriki, wakipigana na sentauri. Katika kibao cha nne Mlapithi ameshapiga goti, ngao ameiinua imkinge kichwa. Mbele yake sentauri amejiinua kwa miguu ya nyuma, mtungi wa maji ameushika juu, tayari kumpasulia. Katika kibao cha tisa sentauri mwingine amemnyanyua Mlapithi kwa mguu, naye anaanguka kinyumenyume juu ya chombo kikubwa cha karamu.

Kibao cha nne kipo British Museum, London. Vichwa vya wapiganaji wake havipo hapo. Hekalu lilipolipuka mwaka 1687, baruti ya Waturuki iliyohifadhiwa ndani ilipopigwa na mizinga ya Waveneti, vichwa hivyo viwili vilichukuliwa, na mwaka 1688 vikafika Copenhagen, ambako vipo hadi leo. Anayetaka kuuona ugomvi mzima inambidi akate tiketi mbili za ndege.

Nilimwonyesha mfinyanzi mmoja wa hapa, mama mtu mzima, picha ya kibao hicho iliyochapishwa kwenye karatasi. Hakuuliza ni Wagiriki au ni nani. Alifuta mikono kwenye kanga, akaisogeza karatasi kwenye mwanga.

"Mtungi huu hauna kitu," akasema.

"Umejuaje, mama?"

"Mwanangu, mtungi wa kiasi hiki ukiwa na maji unasaidiwa kujitwisha. Huyu kaunyanyua peke yake, tena kwa hasira. Wameshamaliza." Akamtazama aliyepiga goti. "Na huyu wa chini ni nani yake?"

Nikamwambia ni jamaa yake, na kwamba siku hiyo ilikuwa ya harusi.

"Nilijua ni harusi," akasema, akarudi kwenye udongo wake.

Ningependa wasomi wa mambo haya wakae mbele ya mama huyo nusu saa. Pengine kwa jambo moja ningemwongezea: mtungi wa sura ile ulikuwa wa maji, na Wagiriki waliichanganya divai na maji kabla ya kuinywa. Sifa mbaya ya sentauri ilikuwa kuinywa kavu. Kwa hiyo maji yaliyotakiwa kuizimua divai hayakufanya kazi yake, na chombo cha adabu ya karamu kimegeuzwa silaha. Lakini swali lake la pili ndilo linalobomoa maelezo yote yale: huyu wa chini ni nani yake?

Jibu Wagiriki walikuwa nalo. Pirithous, mfalme wa Walapithi, alimwoa Hippodamia. Akawaalika sentauri kwa sababu walikuwa ndugu zake. Kwa masimulizi mengi Pirithous ni mtoto wa Ixion, na sentauri nao wametoka kwa Ixion huyohuyo. Homer anamwita Pirithous mwana wa Zeus, lakini hata hapo mama yake ni mke wa Ixion, kwa hiyo undugu haufutiki. Wageni wakala, wakanywa, wakalewa, wakamkamata bibi harusi na wanawake wengine, vita ikalipuka kati ya meza na mitungi. Theseus wa Athens alikuwepo kama rafiki wa bwana harusi, akapigana upande wake.

Sasa nauliza: ni Mwajemi gani huyo anayetumiwa mwaliko wa harusi na kuketishwa na wakwe? Xerxes, mfalme wa Waajemi, alikuja na jeshi na meli, hakuja na zawadi. Hekaya ya mwenyeji kuharibikiwa na nduguze mwenyewe ni hekaya ya nyumbani, na kila aliyewahi kukaa kamati ya harusi anajua woga unaozungumzwa. Mjomba yule atakunywa. Tukimwacha ni aibu, tukimwalika ni hatari. Huo ndio moyo wa kisa, na kumgeuza mjomba kuwa adui wa kigeni ni kukitoa kisa roho.

Tazama na tarehe. Waajemi walitua Marathon mwaka 490 KK, na mwaka 480 KK wakaichoma moto Akropoli ya Athens. Kama sentauri ni kivuli cha Mwajemi, tungetarajia aanze kupigana baada ya hapo. Lakini kwenye chombo maarufu cha kuchanganyia divai kilichotengenezwa Athens karibu mwaka 570 KK, kikasainiwa na mfinyanzi Ergotimos na mchoraji Kleitias, Walapithi na sentauri wanapigana tayari. Kwenye hekalu la Athena pale Assos, katika nchi inayoitwa leo Uturuki, Herakles anawakimbiza sentauri juu ya nguzo kabla vita vya Marathon havijaota kwenye akili ya yeyote. Karibu mwaka 525 KK watu wa kisiwa cha Siphnos walijenga hazina yao Delphi na kuizungushia mkanda wa michongo ambao upande wake mmoja miungu wanapigana na majitu. Hawa wote walikuwa wakitabiri?

Hiyo hazina ya Siphnos inastahili kutazamwa kwa utulivu. Majitu yanayotakiwa kuwa ushenzi wenyewe yamevaa kofia za chuma, yameshika ngao za duara na mikuki, yamejipanga safu. Ndivyo alivyovaa kila raia wa mji wa Kigiriki alipokwenda vitani. Wenye sura ya porini hapo wako upande wa miungu: gari linavutwa na simba, na simba mmoja amemng'ata jitu kiunoni. Mchongaji alikuwa na nafasi yote ya kulifanya jitu kuwa zimwi, naye akalipa sura ya jirani wa mteja wake.

Kuna jambo lingine ambalo wenye tafsiri ile hulipita haraka kama mtu anayepita mlango wa mdai wake. Walapithi hawakuwa Waathens. Walikuwa wa Thessaly. Na Xerxes alipoingia Ugiriki mwaka 480 KK, Thessaly ilikuwa upande wake. Watawala wa Thessaly ndio waliokuwa wakimshawishi aje. Kwa hiyo tunaambiwa kwamba Waathens, miongo mitatu na ushei baada ya mji wao kuchomwa moto, walitafuta mfano wa mashujaa waliomshinda Mwajemi, na katika Wagiriki wote wakawachagua mababu wa wale waliomfungulia Mwajemi mlango. Anayeamini hivyo ana imani kubwa kuniliko.

Waamazoni ni kesi ngumu zaidi, na hapa wapinzani wangu wana hoja yenye uzito, kwa hiyo niiseme kama ilivyo. Katika baraza la michoro la Athens, ambalo msafiri Pausanias aliliona karne ya pili baada ya Kristo, vita vya Waamazoni vilichorwa karibu na vita vya Marathon. Wachoraji wa vyombo waliwavika Waamazoni suruali na kofia za watu wa mashariki. Katika hotuba ya mazishi inayohesabiwa kuwa ya Lysias, Waamazoni wanatajwa miongoni mwa wavamizi ambao Athens iliwaangamiza, kabla hotuba haijafika kwa Waajemi. Ni kweli, basi, kwamba Mwathens mwenyewe aliweza kumtazama Mwamazoni akamwona Mwajemi. Sikatai.

Lakini hotuba ile ifuatilie vizuri. Inasema Waamazoni walikuja kwa tamaa ya nchi ya wengine. Haisemi neno hata moja juu ya Theseus. Na kila mtoto wa Athens alijua kwa nini Waamazoni walikuja: Theseus alikwenda nchini kwao akarudi na malkia wao, ambaye wengine humwita Antiope na wengine Hippolyta. Walikuja kumdai dada yao. Msemaji wa mazishi, mbele ya wajane na wazazi waliofiwa, aliikata sehemu hiyo kwa sababu kazi yake ilikuwa kusifu. Wasomi wa leo wameichukua hotuba ya sifa wakaifanya kamusi ya kusomea mawe. Nyumba haisomwi kwa risala ya mgeni rasmi siku ya uzinduzi.

Theseus huyo, nikumbushe, ndiye aliyemwiba Helen akiwa msichana mdogo. Na rafiki yake Pirithous, yuleyule bwana harusi aliyedhulumiwa, baadaye alishuka kuzimu akitaka kumchukua Persephone, mke wa mungu wa wafu. Watu wawili wanaowapiga sentauri kwa kosa la kuteka wanawake ni watekaji wa wanawake wanaojulikana kwa majina. Waliochonga na waliotazama walikijua kisa chote.

Tena, Waathens walipotaka kuwachonga Waajemi, hawakuona haya kufanya hivyo. Hatua chache kutoka Parthenon kuna hekalu dogo la Athena Nike, la miaka ya 420 KK. Kwenye mkanda wake wa kusini Wagiriki wanapigana na watu waliovaa mavazi ya Kiajemi, bila fumbo lolote. Na kwenye mikanda ya kaskazini na magharibi ya hekalu hilohilo, wanaopigana ni Wagiriki kwa Wagiriki. Mji uliokuwa vitani na Sparta ulijichonga ukiwaua watu wa lugha yake. Kama kulikuwa na mahali pa kuonyesha ustaarabu upande mmoja na ushenzi upande wa pili, palikuwa hapo, na hawakupatumia hivyo.

Shahidi wangu mkuu lakini ni Pausanias. Alisafiri Ugiriki nzima akiandika alichoonyeshwa, na Olympia aliona hekalu la Zeus, lililokamilika karibu mwaka 457 KK. Kwenye pembetatu ya paa upande wa magharibi kuna harusi ileile, kwa sanamu kubwa kuliko watu: sentauri wamewakumbatia wanawake kwa nguvu, kijana mmoja wa Kilapithi amemkaba sentauri shingo huku sentauri akimng'ata mkono, na nyama ya mkono imefinyika chini ya meno. Pausanias akajiuliza swali letu: kwa nini kisa hiki kimewekwa hapa? Akajijibu kwamba anadhani mchongaji alikichagua kwa sababu Pirithous alikuwa mwana wa Zeus, na Theseus alikuwa wa uzao wa Pelops, shujaa wa Olympia. Basi. Ukoo kwa ukoo. Huyu ni mtu mwenye lugha yao, dini yao na vitabu vyao ambavyo sisi tumevipoteza, aliyesimama chini ya paa lenyewe likiwa zima, na Mwajemi hakumjia hata kwenye ndoto. Yapo aliyokosea, maana yule aliyesimama katikati alimwita Pirithous na leo wengi wanasema ni Apollo. Lakini wanaomrekebisha kwa jina moja hawana budi kueleza kwa nini maana yote aliyoiona imetupwa, ikawekwa nyingine ambayo hakuitaja.

Nirudi kwenye vibao vya kusini, maana hapo ndipo tangazo la ushindi linapopasuka. Kibao cha 27 hupendwa sana kuchapishwa: Mlapithi kijana, joho limejitanda nyuma yake kama pazia, anamvuta sentauri aliyejeruhiwa. Ni kazi nzuri, na ukionyeshwa hiyo peke yake utakubali kwamba wema wanashinda. Kinachofuata ni cha 28. Sentauri anaruka kwa furaha juu ya maiti ya Mlapithi. Mkia umesimama, ngozi ya chui aliyojizungushia mkononi inapepea makucha yakining'inia, na chini yake yule mtu amelala chali, kifua kimelegea, mkono umeanguka. Amekufa kabisa. Cha 30, sentauri yuko juu na Mlapithi yuko chini. Cha nne tumeshakiona. Cha kwanza, sentauri amemkaba mtu koo huku mwenyewe akichomwa, na hakuna ajuaye nani ataanza kuanguka.

Serikali gani inaagiza bango la ushindi lenye askari wake mwenyewe akiwa maiti chini ya kwato za adui anayecheza? Na mji uliolipia haukulalamika. Vibao vilipanda juu ya nguzo vikakaa. Inanilazimu kuamini kwamba waliolipia walikuwa wanataka kitu kingine. Upande wa kaskazini wa hekalu hilohilo ilichongwa Troy ikianguka, na humo Wagiriki ndio wavamizi: Helen anakimbilia sanamu ya mungu na Menelaus anamjia na silaha. Vibao vya upande huo viliharibiwa vibaya Wakristo walipoligeuza hekalu kuwa kanisa, ndiyo maana havizungumzwi sana. Kilichobaki kikiwa kizuri kimefanywa kiwe ndicho chote.

Madhabahu ya Pergamon, mji wa kale katika Uturuki ya leo, nitaipita haraka, ingawa ndiyo ngome ya wapinzani wangu. Ni kweli iliagizwa na wafalme, karne ya pili KK, nao walijisifu kwa kuwashinda Wagalatia. Mkanda wake una mita 113, miungu wanashinda kila mahali, na propaganda imo. Lakini katika kipande kinachojulikana kuliko vyote, Athena amemshika jitu nywele, na kutoka ardhini anachomoza mama yake jitu, Gaia, macho yameinuliwa, akimwombea mwanawe. Gaia ni Dunia, bibi yake Zeus. Hata mfalme alipotaka sifa, fundi wake alimchongea bibi akilia wajukuu wanapowaua wanawe. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wahenga walisema. Wagiriki hawakwenda shamba, walichukua patasi.

Kama mawe hayasemi ustaarabu na ushenzi, kwa nini tumeambiwa hivyo kwa muda mrefu? Sidai kwamba wakoloni ndio waliobuni tafsiri ile. Wasemaji wa Athens waliishaianza. Ninachodai ni kwamba iliwafaa mno wasiichunguze. Carl Humann alianza kuichimba Pergamon mwaka 1878, na vipande vikaenda Berlin. Kutoka Berlin hiyohiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1890, walikuja wamisionari walioweka kituo hapa Ikombe. Mwaka 1893 Hermann von Wissmann, afisa wa kikoloni wa Ujerumani, aliteremsha kwenye ziwa hili meli iliyopewa jina lake, na kituo cha Kijerumani cha Langenburg kikawekwa Lumbila, pwani hiihii, kabla ya kuhamishiwa Tukuyu. Tangu mwaka 1889 serikali ya Ujerumani ilikuwa imeagiza kwamba vitu vinavyokusanywa makoloni kwa fedha za serikali vipelekwe kwanza makumbusho ya Berlin. Kwa hiyo mji mmoja ulipokea vita vya miungu kwa treni moja na vyombo vya Waafrika kwa nyingine, ukaviweka kwenye majumba tofauti: hivi sanaa, hivi mila za makabila. Kwa mtu anayepanga nyumba yake namna hiyo, ni raha kuambiwa kwamba hata michongo ya kale inamuunga mkono.

Ukitaka kujua mchongo wa ustaarabu dhidi ya ushenzi unafananaje hasa, usiende Athens. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya Wissmann huyo. Yeye yuko juu, amesimama. Chini yake askari Mwafrika anaiteremsha bendera juu ya simba aliyekufa. Adui hayupo. Watu waliopigana naye pwani na bara, waliokuwa na majina, sababu na silaha, wamefupishwa kuwa mnyama, na mnyama mwenyewe ni mfu. (Waingereza waliing'oa, ikapelekwa Hamburg, na wanafunzi wakaiangusha mwaka 1968.) Sanamu ya Askari iliyosimamishwa na Waingereza mwaka 1927, ile inayozungukwa na magari hadi leo, ni ya heshima zaidi, lakini nayo inachoma hewa. Singe imeelekezwa bandarini. Mtu aliyekuwa mbele ya singe hiyo katika Vita Kuu ya Kwanza mara nyingi alikuwa Mwafrika mwingine, askari wa Wajerumani, pengine mwenye lugha ileile ya Kiswahili. Hakuchongwa.

Iweke sanamu ya Wissmann kando ya kibao cha 28. Mgiriki alimpa sentauri nusu nzima ya jiwe, misuli iliyochongwa kwa uangalifu uleule, na siku hiyo akampa na ushindi. Wanaosema vitu hivi viwili ni vya ukoo mmoja hawajavitazama vyote viwili.

Na ziwa letu lina kisa chake kinachofanana zaidi na harusi ya Pirithous kuliko na sanamu ya Dar es Salaam. Agosti 1914 meli ya Kiingereza Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades, ilikwenda Liuli, wakati huo ikiitwa Sphinxhaven, ikaipiga mizinga meli ya Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wake, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades wa kunywa naye. Habari za vita hazijamfikia. Masimulizi yanasema alitoka na kimashua, amekasirika, kumuuliza mwenzake kama amelewa. Hapo hakukuwa na ustaarabu wala ushenzi. Walikuwepo wanywaji wawili na mzinga. Mchongaji wa harusi ya Pirithous angekijua kisa hicho mara moja.

Sasa niwageukie wenzangu, maana kuna wanaonipinga kutoka upande wa pili. Wao wanasema: tuachane na mawe ya Wagiriki, ni silaha ya waliotutawala, tuna vyungu vyetu. Hasira yao naielewa. Ila hesabu yao ni mbovu, kwa sababu wanaikubali tafsiri ya mtawala neno kwa neno, kisha wanasusa. Anayesema Parthenon ni bango la ubora wa mzungu amekubaliana na Wissmann. Wanatofautiana tu nani apige makofi. Na mfinyanzi wa Ikombe, aliyeuona mtungi mtupu ambao vitabu vimeupita, hakuhitaji ruhusa ya Berlin wala ya wasusaji.

Kuna hekalu la Apollo pale Bassae, juu milimani, ambalo mkanda wake wa michongo ulifukuliwa kuanzia mwaka 1811 na sasa upo London. Una vipande 23. Nusu ni sentauri, nusu ni Waamazoni, na vyote vilikuwa ndani ya chumba kimoja. Kwenye kipande kimoja sentauri anamvua nguo mwanamke aliyekimbilia sanamu ya mungu. Kwenye kingine Mgiriki anamburuta Mwamazoni aliyekimbilia madhabahu. Mwalimu wa sekondari ya Kyela anayetaka kulifundisha jambo hili avichapishe vipande hivyo viwili, avibandike ubaoni bila majina, awaulize wanafunzi mshenzi ni yupi na awape kipindi kizima cha kubishana. Kitabu akifungue kipindi kinachofuata.